Maswali ya Sarufi Yenye Mitego: Kumwandaa Mwanafunzi Achague kwa Sababu

Utangulizi

Kwa miaka mingi mwanafunzi wa darasa la saba nchini Tanzania amekuwa akiketi mbele ya karatasi za Mtihani wa Kumaliza Elimu ya Msingi. Mtihani huo husimamiwa na Baraza la Mitihani la Tanzania, chombo kilichoundwa kwa Sheria Na. 21 ya mwaka 1973, na matokeo yake hutumika kuwachagua wanaoingia kidato cha kwanza. Kwa hiyo mtihani huo una kazi mbili kwa pamoja: unapima yaliyofunzwa, na unafungua mlango au kuufunga. Muundo wa elimu ya msingi sasa umo katika mabadiliko kufuatana na Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023. Lakini madamu watoto wataendelea kupimwa kwa maswali ya kuchagua jibu, haja ya makala haya itabaki palepale.

Katika somo la Kiswahili, maswali ya sarufi huwashangaza walimu wengi. Mtoto anayezungumza vizuri, anayesimulia hadithi bila kusitasita, anakosa swali la kujaza nafasi moja tu iliyoachwa wazi. Mwalimu hukimbilia kusema kwamba mtoto hakuwa makini. Sisi tunaona kwamba mara nyingi sababu ni nyingine: mtoto amechagua kwa sikio, na swali lilitungwa ili kuona kama anaweza kuchagua kwa sababu. Katika makala haya tutaeleza kwa nini sikio halitoshi, tutaonyesha hatua nne za kulikabili swali, kisha tutapitia mitego sita ambayo mwanachuo hana budi kuifahamu kabla ya kwenda kwenye mazoezi ya kufundisha.

Kwa Nini Sikio Halitoshi

Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia katika shule nyingi za msingi za serikali tangu mwaka 1967. Hata hivyo, Kiswahili kinachotahiniwa ni Kiswahili sanifu, ambacho msingi wake ni lahaja ya Kiunguja na ambacho kilianza kusimamiwa na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki mwaka 1930. Watoto hawaingii darasani na sikio la namna moja. Mtoto aliyelelewa katika lugha nyingine ya Kibantu anazifahamu ngeli, lakini ngeli za lugha yake huenda zisilingane na za Kiswahili. Mtoto aliyelelewa katika Kimaasai au Kiiraqw, lugha zisizo za Kibantu, hakukua na ngeli za namna hii kabisa. Naye mtoto wa mjini husikia kila siku watu wakisema "kitabu yangu" na "viti hii", na wakaelewana bila taabu.

Ikiwa tutawaambia watoto hao wote, "Chagueni linalosikika vizuri," tutakuwa tumewapa mtihani usio sawa. Aliyebahatika kukulia penye Kiswahili kinachokaribia kile cha vitabuni atapata. Mwingine atakosa, na kosa lake litaitwa uvivu. Sababu, kinyume chake, inaweza kufundishwa kwa kila mtoto, awe ametoka nyumba gani. Hapo ndipo ilipo kazi ya mwalimu.

Aidha, tukumbuke kwamba alama peke yake haithibitishi ujuzi. Mwanafunzi anayebahatisha maswali 20, kila moja likiwa na machaguo manne, kwa wastani atapata 5 bila kujua lolote. Mwalimu anayehesabu vema tu hatazigundua tano hizo. Anayeuliza "Kwa nini?" atazigundua.

Hatua Nne za Kulikabili Swali

Tunapendekeza hatua zifuatazo, zifundishwe kuanzia darasa la tano, wala zisingojee mwezi wa mtihani.

1. Mwanafunzi afunike machaguo kwa kiganja au kwa karatasi, asome shina la swali lote mpaka nukta. Kwa shina la swali tunamaanisha sentensi au maelezo yanayotangulia machaguo.

2. Atafute neno linalotawala. Ajiulize: nafasi hii inafuata neno gani? Ni ushahidi gani ulio ndani ya sentensi?

3. Atunge jibu lake mwenyewe kabla ya kuyatazama machaguo. Pale ambapo swali haliwezi kujibiwa bila machaguo, aseme angalau jibu litakuwa la namna gani.

4. Afunue machaguo, achague, kisha ataje sababu ya kulikataa kila jibu lililobaki.

Hatua ya nne ndiyo inayorukwa mara nyingi, nayo ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote. Majibu ya kupotosha hayakuwekwa ovyo. Kila moja hubeba kosa linalojulikana, na mtoto anayelichagua anamwonyesha mwalimu mahali hasa alipokwama.

Mitego Sita

Mtihani halisi waweza kuwa na machaguo zaidi ya manne. Hapa tutatumia manne ili kufupisha maelezo. Mifano yote tumeitunga wenyewe.

(a) Jina lililo karibu

Kikapu cha maembe ya wageni ______ jana sokoni.
A. yalinunuliwa  B. walinunuliwa  C. kilinunuliwa  D. lilinunuliwa

Nafasi iliyo wazi inafuata neno "wageni", na kabla yake kuna "maembe". Sikio huvutwa na jina lililo karibu. Lakini tuulize: kilichonunuliwa ni nini? Ni kikapu. Maneno "cha maembe ya wageni" yanaeleza kikapu hicho tu, yakiondolewa, sentensi inabaki imesimama: "Kikapu kilinunuliwa jana sokoni." Jibu ni C. Aliyechagua A ametawaliwa na "maembe". Aliyechagua B ametawaliwa na "wageni". Aliyechagua D amejua kwamba umoja unatakiwa, lakini bado macho yake yako kwenye embe. Huyu wa mwisho yuko karibu na jibu kuliko wenzake, na hafai kufundishwa upya kana kwamba hajui chochote. Dawa ya mtego huu ni kumzoeza mwanafunzi kuyawekea mabano maneno yote yanayoanzia kwenye "cha", "ya", "wa" na mengine ya jinsi hiyo, kisha kusoma sentensi bila maneno hayo.

(b) Umbo la nje la jina

Kiboko ______ ameharibu shamba la mpunga.
A. kikubwa  B. vikubwa  C. kubwa  D. mkubwa

Umbo la neno "kiboko" ni la ngeli ya KI-VI, kwa hiyo wengi watachagua A. Lakini ushahidi uko mbele: "ameharibu", si "kimeharibu". Kinachozungumziwa ni mnyama wa majini, wala si ule mjeledi unaoitwa pia kiboko. Katika Kiswahili sanifu majina ya watu na wanyama hufuata upatanisho wa viumbe hai, hata kama umbo lake ni la ngeli nyingine: kipofu amefika, kifaranga mdogo amepotea, vyura wengi wanalia. Jibu ni D. Hapa mwalimu awe mwangalifu na mwenye subira, kwa kuwa katika lugha nyingi za Kibantu za bara majina ya wanyama hufuata ngeli ya umbo lake. Mtoto anayesema "kiboko kikubwa kimeharibu" huenda anafuata kwa uaminifu sarufi ya kwao. Asichekwe. Aonyeshwe tofauti.

(c) Neno moja, kazi mbili

Katika sentensi "Wagonjwa wengi wametibiwa leo", neno "wagonjwa" limetumika kama:
A. nomino  B. kivumishi  C. kielezi  D. kiwakilishi

Mtoto aliyekariri kwamba "-gonjwa" ni mzizi wa kivumishi atachagua B bila kusita. Makosa ya namna hii huletwa na orodha tunazowakaririsha watoto: haya ni majina, haya ni vivumishi. Neno halina aina kabla ya kuingia kazini. Katika "Watoto wagonjwa wametibiwa", neno "wagonjwa" linaeleza watoto, nalo ni kivumishi. Katika swali letu hakuna jina linaloelezwa nalo. Lenyewe ndilo jina, na "wengi" ndilo linaloeleza. Jibu ni A. Vivyo hivyo, "vizuri" ni kivumishi katika "Vyakula vizuri huuzwa hapa", na ni kielezi katika "Vyakula hupikwa vizuri hapa". Swali la kumfundisha mtoto ajiulize ni hili: neno hili linafanya kazi gani hapa, na linamfanyia nani?

(d) Sentensi yenye pande mbili

Kama mvua ______ mapema, tungalipanda mahindi.
A. itanyesha  B. ingalinyesha  C. ingenyesha  D. ikinyesha

Aliyesoma mpaka penye mkato tu anaweza kuona kwamba majibu zaidi ya moja yanafaa. Ndiyo maana hatua ya kwanza inadai kusoma mpaka nukta. Upande wa pili una "tungalipanda", na sarufi inayofundishwa shuleni inataka viambishi vya pande mbili vilingane: -nge- na -nge-, -ngali- na -ngali-. Jibu ni B. Maana nayo isiachwe nyuma. Kwa desturi ya sarufi, -nge- hueleza sharti ambalo bado linaweza kufikirika kwa wakati huu, na -ngali- hueleza sharti ambalo wakati wake umekwisha kupita. Katika mazungumzo watu wengi hutumia -nge- kwa yote mawili, na hiyo ndiyo sababu C huwavuta wengi.

(e) Kauli za kitenzi

"Mama alimpikia mgeni ugali." Anza na neno "Mgeni" bila kubadili maana.
A. Mgeni alimpikia mama ugali.
B. Mgeni alipikwa ugali na mama.
C. Mgeni alipikishwa ugali na mama.
D. Mgeni alipikiwa ugali na mama.

Jibu ni D. Katika swali hili darasa lichekeshwe kidogo, maana kicheko hukaza kumbukumbu: jibu B limemtia mgeni chunguni! Tofauti yote imo katika silabi moja. "Pika" huzaa "pikwa", na kinachopikwa ni chakula. "Pikia" huzaa "pikiwa", na anayepikiwa ni mtu. Katika C mgeni ametiwa jikoni apike yeye. Katika A amegeuzwa kuwa mwenyeji. Mwanafunzi afundishwe kuuliza maswali mawili kabla ya kuchagua: nani ametenda, na nani amefikiwa na tendo? Akiwa na majibu ya maswali hayo, hatababaishwa na mpangilio mpya wa maneno.

(f) Usemi wa taarifa

Mwalimu alisema, "Nitasahihisha madaftari yenu kesho."
A. Mwalimu alisema kuwa nitasahihisha madaftari yenu kesho.
B. Mwalimu alisema kuwa atasahihisha madaftari yenu siku iliyofuata.
C. Mwalimu alisema kuwa angesahihisha madaftari yao siku iliyofuata.
D. Mwalimu alisema kuwa angesahihisha madaftari yao kesho.

Swali hili ni gumu kwa sababu mambo manne hubadilika kwa pamoja: nafsi ya mtendaji, wakati wa kitenzi, mwenye kumilikiwa, na neno la siku. Jibu A halikubadili chochote isipokuwa kuondoa alama za usemi. Jibu B limebadili nafsi ya mtendaji na neno la siku, likasahau "yenu" na wakati wa kitenzi. Jibu D limebadili yote isipokuwa "kesho". Jibu ni C. Hapa kumbukumbu peke yake haisaidii. Mwanafunzi aandike pembeni mambo hayo manne na kuyawekea alama moja moja. Aliyechagua D anahitaji kusaidiwa kwa jambo moja. Aliyechagua A anahitaji kuanza upya. Wote wawili wamepata sifuri katika mtihani, lakini mbele ya mwalimu hawako mahali pamoja.

Mwalimu Kama Mtunzi wa Maswali

Mwanachuo atakapoanza kazi atatunga majaribio yake mwenyewe. Ayachukue mambo manne yafuatayo kuwa kanuni.

Kwanza, swali lisiwe na majibu mawili yanayokubalika. Kwa mfano, ukanushi wa masharti hupatikana kwa namna mbili katika matumizi ya Kiswahili: "tusingepanda" na "hatungepanda". Kuyaweka yote mawili katika swali moja, na kulihesabu moja kuwa kosa, ni kumwadhibu mtoto kwa jambo ambalo hata watu wazima hawalitumii kwa namna moja.

Pili, kila jibu la kupotosha liwe na kosa ambalo mtunzi anaweza kulitaja. Jibu ambalo hakuna mtoto atakayelichagua linajaza nafasi tu.

Tatu, herufi za majibu sahihi zitawanywe. Watoto hugundua upesi kwamba mwalimu wao anaipenda C.

Nne, asiwafundishe watoto ujanja wa kukisia, kama vile kuchagua jibu refu kuliko mengine. Ujanja huo ni deni. Huenda ukamsaidia mtoto siku moja, lakini atakapofika kidato cha kwanza na kutakiwa kuandika sentensi yake mwenyewe, hatakuwa na machaguo ya kukisia.

Kipindi cha Mfano

Kipindi cha dakika 40 kinaweza kupangwa hivi. Katika dakika 5 za mwanzo mwalimu aandike ubaoni shina la swali moja bila machaguo, na wanafunzi watunge majibu yao katika madaftari. Katika dakika 10 zinazofuata aandike machaguo. Kila mwanafunzi achague, na mwalimu ahesabu mikono kwa kila herufi bila kusema lililo sahihi. Hesabu hiyo aiandike ubaoni. Dakika 15 ziwe za makundi: kila kundi lipewe herufi moja na kutakiwa kueleza kwa nini mtu angeweza kulichagua jibu hilo, na kwa nini likubaliwe au likataliwe. Kwa njia hii aliyekosa halazimiki kusimama peke yake na aibu yake, maana kosa limekuwa kazi ya kundi zima. Dakika 10 za mwisho kila mwanafunzi atunge sentensi mbili zinazofuata kanuni ileile, na mwalimu azisome akipita kati ya madawati.

Mtu anaweza kusema kwamba swali moja kwa kipindi ni kidogo mno wakati mtihani unakaribia. Tunajibu kwamba maswali 50 yaliyosahihishwa kwa alama ya vema na mkasi humwachia mtoto idadi ya makosa yake tu, ilhali swali moja lililochambuliwa mpaka mwisho humwachia njia ya kufuata katika mengine. Darasa likishaizoea njia hiyo, mwendo utaongezeka wenyewe.

Hitimisho

Tumeona kwamba swali la sarufi huwa na mtego pale linapoweka karibu na sikio jambo ambalo sababu inalikataa: jina lililo karibu, umbo la nje, orodha iliyokaririwa, nusu ya sentensi. Tumeona pia kwamba kila jibu la kosa lina habari kwa mwalimu anayetaka kuisoma. Mwalimu asahihishe jibu, lakini zaidi ya hapo aisahihishe sababu. Mtoto aliyepata kwa bahati anahitaji msaada kama yule aliyekosa, na mtoto aliyekosa kwa sababu nzuri amekwisha kufika nusu ya njia.

Mazoezi kwa Mwanachuo

1. Tunga swali la kukanusha sentensi "Mwalimu amesahihisha madaftari". Andika majibu matatu ya kupotosha, na utaje kosa lililomo katika kila moja.

2. Eleza kwa mifano tofauti kati ya "huamka" na "huamki". Ungemwonyeshaje mwanafunzi wa darasa la sita tofauti hiyo?

3. Chagua lugha moja inayozungumzwa na watoto wa shule utakayofanyia mazoezi ya kufundisha. Waulize wenyeji jinsi majina ya wanyama yanavyopatanishwa katika lugha hiyo, kisha ulinganishe na Kiswahili sanifu. Andaa somo moja kutokana na utakayoyapata.